Ugonjwa wa Motokaa ya Umeme na Jinsi Ulivyopatikana



Katika likizo ya mwezi wa Juni mwaka 2024, nikiwa kidato cha tatu, nilipata somo la umeme ambalo sitalisahau. Sikulipata darasani, bali uani kwa baba yangu mdogo, nikiwa nimeshika tochi mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Mwalimu wetu wa fizikia alipoisikia habari hii aliniambia niiandike katika gazeti letu, kwa sababu wako wanafunzi wanaodhani kwamba kanuni ya Ohm ni kitu cha kujibia mtihani tu, na mtihani ukiisha haina kazi tena. Nami naiandika pia kwa ajili ya wazazi wetu, maana motokaa za umeme zimekwisha anza kufika katika nchi yetu, na hapana shaka wengine watazinunua.

MOTOKAA YENYEWE

Kwetu ni Matembwe, upande wa Lupembe, katika wilaya ya Njombe. Kijiji chetu kilipata umeme mapema kuliko vijiji vingi, kwa kuwa katika miaka ya 1980 kilijengewa mtambo mdogo unaoendeshwa na maji, kwa msaada wa Waitaliano. Sisi watoto wa Matembwe tumekua tukiona taa zikiwaka kwa nguvu ya mto, wala hatushangai mtu akisema kwamba maji yaweza kuendesha motokaa.

Baba mdogo hufanya biashara ya vifaranga. Huwachukua vifaranga wa siku moja, mia moja katika kila sanduku, akawapeleka kwa wafugaji wa vijiji vya jirani na hata Njombe mjini. Mwezi wa Oktoba 2023 alikopa fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua motokaa ndogo ya umeme iliyokwisha tumika Japani. Alikuwa amepiga hesabu ya petroli ya mwaka mzima, akaona kwamba faida yake yote inaishia katika tangi. Motokaa hiyo ikitiwa umeme usiku kucha iliweza kwenda kilomita kama 90 katika milima yetu. Alipofika Njombe aliiacha kwa ndugu yetu mmoja ikatiwa umeme tena, ndipo akarudi.

Watu walikuja kuitazama. Wazee walizunguka nyuma wakitafuta bomba la moshi, wasilione, wakacheka. Haikuwa na kelele hata kidogo, na mbwa wa kijiji hawakujua wakati wa kuipisha njia.

Yafaa niseme hapa kwamba motokaa ya umeme si kitu cha juzi. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, alikuwa mtu wa kwanza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika motokaa, nayo motokaa yake ilikuwa ya umeme. Baadaye zile za petroli zikashinda, kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi na betri za siku zile zilikuwa nzito na kuisha upesi. Siku hizi mambo yamegeuka tena. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha motokaa ya umeme ya watu wawili iliyoitwa Kiira EV, iliyotengenezwa na wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2018 motokaa za umeme za kupeleka watalii mbugani zilianza kazi kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2022 mabasi ya umeme yakaanza kubeba abiria Nairobi. Basi jambo hili limetufikia, tupende tusipende.

UGONJWA UNAANZA

Motokaa ilienda vizuri mpaka mvua za Desemba 2023. Asubuhi moja, katikati ya njia, taa nyingi za dashibodi ziliwaka kwa pamoja: taa ya breki, taa ya usukani, na taa moja yenye picha ya kobe. Maneno yakatokea katika kioo, lakini yalikuwa ya Kijapani. Tangu hapo motokaa ikatambaa kama yule kobe, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Baba mdogo aliizima, akangoja, akaiwasha tena, taa zote zikazimika. Akashukuru Mungu akaendelea na safari.

Baada ya siku tisa ikafanya vile vile. Akaipeleka gereji katika mji mmoja. Fundi akachomeka mashine yake ya kusomea hitilafu, akaona majina ya hitilafu saba, akayafuta, akasema, “Tayari.” Siku mbili tu. Mwezi wa Januari 2024 ugonjwa ukarudi. Safari hii walibadili sensa moja, yaani kifaa cha kupimia, na motokaa ikakaa huko wiki tatu kungoja spea. Mwezi wa Machi ikarudi tena. Sasa wakasema kompyuta moja imekufa, na lazima itafutwe nyingine iliyotoka katika motokaa ya namna ile ile. Motokaa ikakaa wiki saba. Ilipotoka mwezi wa Mei, Baba mdogo alikuwa amelipa shilingi 1,850,000, na wiki zile zote alikuwa amekodi magari ya watu. Deni la kikundi halikungoja.

Nilipofika nyumbani mwanzo wa Juni nilimkuta amekonda. Usiku wa tatu tangu nifike, nilikwenda naye kupeleka masanduku manne ya vifaranga. Wasomaji wasiotoka Njombe wajue kwamba Juni kwetu ni baridi kali, na asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kwa maana hajaota manyoya ya kumkinga. Kwa hiyo Baba mdogo aliwasha feni ya joto mpaka mwisho, akaelekeza hewa yake nyuma. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, waipa zikifanya kazi na taa kubwa zikiwaka. Tulipoanza kupanda mlima, taa ya kobe ikawaka. Mara hii motokaa haikutambaa tu, bali ilisimama kabisa, na feni ikazimika.

Tulikaa pale kwa saa nne mpaka lori likapita. Tulivua makoti yetu tukafunika masanduku. Vifaranga walilia kwa nguvu mwanzoni, kisha sauti zao zikapungua. Kulipokucha tuliwahesabu: katika vifaranga 400 walikuwa wamekufa 163. Baba mdogo hakusema neno. Jioni alinieleza kwamba yuko mtu Makambako aliyetaka kuinunua motokaa kwa bei isiyofika nusu ya ile aliyonunulia, naye ameamua kumpa. Nilijua pia, ingawa hakusema, kwamba mahitaji yangu ya shule hulipwa na biashara ile.

MZEE NA DAFTARI

Yuko mzee mmoja kijijini kwetu aliyefanya kazi ya mafundi wa umeme miaka mingi. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamsimulia yote. Akanijibu, “Mwanangu, motokaa hiyo mimi siijui. Lakini umeme naujua, nao hauna tabia mbili. Niambie, inaugua saa ngapi?”

Sikuweza kumjibu. Tulimwuliza Baba mdogo, naye akasema, “Inaugua wakati wowote inapopenda.” Mzee akatikisa kichwa. “Hakuna kitu cha umeme kinachougua kinapopenda. Mkae siku kumi na sita msiuze. Mwandike.”

Nikachukua kaunta buku jipya nililonunua kwa masomo, nikalipiga mistari: tarehe, saa, hali ya hewa, vitu vilivyokuwa vimewashwa, taa ya onyo iliyowaka, na volti za betri ndogo kabla ya kuwasha motokaa. Maneno ya Kijapani niliyapiga picha kwa simu ya shangazi, na simu ikayafasiri. Nilikwenda katika kila safari, na kila safari nikaiandika.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi motokaa hiyo inavyofanya kazi, maana bila hivyo daftari halitaeleweka.

BETRI MBILI, KUBWA NA NDOGO

Watu wengi hudhani kwamba motokaa ya umeme ina betri moja tu. La. Ile betri kubwa iliyo chini ya sakafu ni ya lithiamu, nayo ina volti karibu 360. Hiyo ndiyo huzungusha mota na kusukuma magurudumu. Lakini iko na betri ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi, sawa na ile iliyo katika motokaa yoyote ya petroli. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hiyo ndogo ndiyo huwasha kompyuta, taa, honi na waipa, na ndiyo hufunga zile swichi kubwa za sumaku zinazounganisha betri kubwa na mota.

Fikirini ghala la shule. Ghala limejaa mahindi, lakini ufunguo anao mtunza ghala mmoja. Mtunza ghala akiugua, wanafunzi watalala njaa ingawa mahindi yamejaa. Ndivyo ilivyo betri ndogo. Ikiwa dhaifu, betri kubwa yaweza kuwa imejaa kabisa na motokaa isiende.

Tena, betri ndogo hutiwa nguvu na betri kubwa wakati motokaa imewashwa, au inapotiwa umeme. Ikikaa tu gerejini wiki saba imezimwa, kompyuta zake huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo, kama mtu anayelala huku anapumua. Betri ya risasi ikikaa bila nguvu muda mrefu, zile chembe za salfeti ya risasi juu ya sahani zake huwa ngumu, wala hazirudi tena vizuri. Kwa hiyo kuchelewa kwa matengenezo kwenyewe kulileta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzika, hupimwa volti 12.6 au zaidi kidogo. Ya kwetu asubuhi ya kwanza niliipima ikawa 11.7.

Baba mdogo akanunua betri ndogo mpya Makambako. Siku nne hapakutokea lolote, tukafurahi. Siku ya tano kobe akawaka tena. Basi betri ilikuwa mbovu kweli, lakini haikuwa mkosaji peke yake.

SAA YA UGONJWA

Siku kumi na sita zilipotimia tulilifungua daftari mbele ya mzee. Tangu betri mpya ilipofungwa, taa ya kobe ilikuwa imewaka mara tano. Mara tatu ilikuwa asubuhi kabla ya saa mbili, na mara mbili usiku. Mchana haikuwaka hata mara moja.

Mimi nikasema upesi, “Ni baridi. Betri kubwa haipendi baridi.” Nilijiona mwerevu. Mzee akaniuliza, “Asubuhi hizo mlikuwa mmewasha nini?” Nikatazama safu ya nne. Mara zote tano taa kubwa zilikuwa zimewaka na feni ya joto ilikuwa imewashwa mpaka mwisho, na mara nne waipa zilikuwa zikifanya kazi. Tena iko asubuhi moja yenye sakitu, tuliyosafiri bila vifaranga, feni haikuwashwa, wala ugonjwa haukutokea.

Akasema, “Sasa tujaribu. Mkitaka kumjua mkosaji, badilisheni jambo moja tu, mengine yote yabaki.” Siku ya pili yake, saa saba mchana, jua kali, motokaa imesimama uani, tukawasha taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja. Watoto wa jirani walitucheka kwa kuwasha waipa juani. Baada ya dakika kumi na moja, kobe akawaka.

Siwezi kueleza furaha yetu. Ni jambo la ajabu mtu kufurahi motokaa yake inapoharibika, lakini kwa mara ya kwanza iliharibika sisi tulipotaka. Tukajua kwamba si baridi wala si mvua. Sababu ni wingi wa mkondo.

HESABU

Sasa, wanafunzi wenzangu, tuchukue kalamu. Taa kubwa mbili zilikuwa za vati 55 kila moja, jumla vati 110. Feni ilikuwa ya vati 180, na waipa vati 70. Jumla ni vati 360. Tukigawanya kwa volti 12 twapata ampia 30. Mkondo huo ukishafanya kazi yake lazima urudi, nao hurudi kwa njia ya bodi ya chuma ya motokaa. Nyaya nyeusi za vitu hivyo vyote, pamoja na waya mweusi wa kompyuta moja, hukutana mahali pamoja na kufungwa katika bodi kwa boliti moja.

Mzee akaweka mguu mmoja wa mita yake juu ya pete ya nyaya hizo, na mguu wa pili juu ya ncha ya hasi ya betri ndogo. Kama njia ya kurudi ni nzuri, mita husoma karibu na sifuri. Vitu vyote vilipozimwa, ikabaki kompyuta na redio tu, kama ampia 4, mita ilisoma volti 0.12. Tulipowasha vyote, mita ikapanda hata 0.9.

Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827, ukinzani ni volti zikigawanywa kwa ampia. 0.9 kwa 34, yaani zile 30 pamoja na 4 za kompyuta na redio, ni karibu omu 0.03. Fanyeni na ile ya kwanza: 0.12 kwa 4 ni 0.03 vile vile. Ukinzani ni karibu ule ule mmoja. Ni mdogo sana, hata mtu angesema si kitu. Lakini mkondo ukiwa mwingi, hicho kidogo huwa kikubwa.

Na kwa nini kompyuta ikachanganyikiwa? Kwa sababu kompyuta hupima kila kitu kuanzia sifuri yake, na sifuri yake ni ile boliti. Ni kama rula iliyolika mwanzo wake. Ukipimia rula hiyo, kila jibu lako litakuwa la uongo, ingawa macho yako ni mazima na mkono wako hautetemeki. Sifuri ilipopanda kwa karibu volti nzima, kompyuta iliona breki ina kasoro, usukani una kasoro, na betri kubwa ina kasoro. Ikafanya kama ilivyofundishwa: ikapunguza mwendo, kisha ikasimamisha motokaa kwa usalama.

Mzee akafungua boliti. Chini yake palikuwa na kutu, rangi iliyobambuka na udongo wetu mwekundu, umeganda kama chokaa. Tukaisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukaifunga kwa nguvu, tukaipaka grisi juu ili maji yasiingie. Kazi hiyo ilichukua muda wa kuchemsha chai. Tulipowasha vitu vyote tena, mita ilisoma 0.06.

Baba mdogo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Kumbe usiku ule niliwasha feni ili niwaokoe.” Tukaelewa sote. Kila alipobeba vifaranga aliwasha feni mpaka mwisho, na kila alipokwenda bila mzigo aliiacha. Lile lililowapa vifaranga joto ndilo lililoisimamisha motokaa. Ndiyo sababu ugonjwa uliteua safari zake za kazi, hata akadhani kwamba amerogwa.

KWA NINI MATENGENEZO YALICHELEWA

Nisingependa mtu ayasome haya akawadharau mafundi. Motokaa ilifika kwao mchana, ikiwa kavu, feni imezimwa, taa zimezimwa. Mgonjwa aliyepona njiani, daktari atamwona na nini? Tena mashine ya kusomea hitilafu yataja yule anayelalamika, haimtaji mkosaji. Kompyuta ya breki ililalamika, wakabadili sensa. Nyingine ikalalamika, wakaibadili nayo. Na motokaa za namna hii bado ni chache kwetu, kwa hiyo spea hungojwa, na kila spea isiyohitajika ni wiki zilizopotea bure.

Lakini sisi nasi tulikuwa na kosa. Baba mdogo alipofika gereji mara zote tatu alisema maneno yale yale: “Inazingua.” Hakusema saa, wala hali ya hewa, wala vitu vilivyowashwa. Fundi alipewa fumbo bila vidokezo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa ajili ya mzazi au mwanafunzi atakayekutana na shida kama hii, mzee alitutajia mambo haya, nami nimeyapanga kwa namba:

1. Hitilafu inayokwenda na kurudi iandikwe. Tarehe, saa, mvua au jua, mzigo, na vitu vyote vilivyowashwa. Picha ya dashibodi ipigwe kabla ya kuzima motokaa, kwa kuwa taa hupotea.

2. Usikubali hitilafu zifutwe kabla hazijanakiliwa. Kuzifuta si kuziponya.

3. Anza kwa vitu rahisi: betri ndogo, fyuzi, viunganishi, na boliti za nyaya nyeusi. Baadaye ndipo kompyuta. Mita ya bei ndogo yatosha kwa kazi hii.

4. Motokaa ikikaa gerejini siku nyingi, omba waya wa hasi wa betri ndogo ufunguliwe, au betri itiwe nguvu kila wiki.

5. Motokaa ya umeme isikokotwe kwa kamba huku magurudumu yanayozungushwa na mota yakigusa ardhi, maana mota hugeuka kuwa jenereta na yaweza kuharibu vyombo. Ipakiwe juu ya lori.

6. Nyaya zenye rangi ya machungwa zisiguswe kabisa. Hizo ni za volti mia tatu na zaidi, nazo huua. Hata fundi aliyefundishwa huzima motokaa, huondoa plagi ya usalama, huvaa glovu za mpira za kazi hiyo, na hungoja dakika kumi au zaidi ili umeme uliobaki uishe, kisha hupima kabla ya kugusa. Sisi tulifanya kazi upande wa volti 12 peke yake, tena chini ya mtu mzima anayejua. Mwanafunzi asifanye peke yake.

MWISHO

Motokaa haikuuzwa. Yule mtu wa Makambako alikuja na fedha zake, akanywa uji kwetu, akarudi nazo. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika, Agosti 2025, taa ya kobe imewaka mara moja tu, nayo ilikuwa haki yake: Baba mdogo alisahau kutia umeme usiku, betri kubwa ikawa karibu kwisha. Deni la kikundi alilimaliza mwezi wa Aprili mwaka huu. Vifaranga 163 hawakurudi, na bado huwataja.

Kaunta buku langu halikurudi shuleni. Baba mdogo alilipeleka kwa yule fundi wa mjini, si kwa kumlaumu, bali kumwonyesha. Fundi alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanakili ile mistari niliyopiga, na sasa kila mteja anayeleta motokaa yenye ugonjwa wa kwenda na kurudi hupewa karatasi ya kujaza kwanza. Mwezi wa Desemba nikiwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, ameniita niende nikamsaidie. Nikipata nafasi ya VETA nitaomba fani ya umeme wa magari.

Wanafunzi wenzangu, motokaa ya petroli ilipofika kwa babu zetu, mafundi waliojifunza mapema ndio waliokula matunda yake. Hizi za umeme sasa ziko barabarani, na ugonjwa wao mwingi umeandikwa katika sura ile ya mkondo wa umeme tunayoiruka tukisema ni ngumu. Tusiiruke. Na ninyi wazazi wetu, mtoto akirudi likizoni akaomba mita ya kupimia umeme badala ya viatu vipya, msimkatalie upesi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne